Masika ya Mashine Isiyolala

Jumatatu, 15 Machi 1999

Nimenunua daftari hili Mwenge kwa sababu nahitaji mtu mwenye akili wa kuzungumza naye, na huko ninakokwenda kufanya kazi sijamwona.

Huko ni Kawe, nyumbani kwa Bi Somoe. Barabara inapanuliwa na itapita juu ya makaburi ya zamani ya bondeni, kwa hiyo makaburi yatahamishwa. Kaburi lenye jina litachimbiwa shimo lake kwenye eneo jipya na ndugu wataitwa wazike upya. Yasiyo na jina, mifupa yake itakusanywa yote itiwe shimo moja. Orodha iliyochapwa inatakiwa ofisini kwa mkandarasi Ijumaa ya tarehe 28 Mei, kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo tingatinga haliulizi mtu.

Makaburi yenyewe hayana maandishi hata moja. Yana mawe ya matumbawe tu kichwani na miguuni, na mengine hata hayo hayana. Anayejua nani kalala wapi ni Bi Somoe, aliyekuwa muosha maiti wa wanawake na watoto kwa miaka arobaini. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akichimba. Ana miaka sabini na kitu, macho yamepungua, na hasomi kitu zaidi ya msahafu. Watu mia mbili na kumi wamehifadhiwa katika kichwa cha mama huyu peke yake, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja Kawe nzima aliyefikiria kununua daftari.

Mimi Ansbert nilifanya kazi miaka tisa katika chumba cha kompyuta cha shirika la umma, mpaka lilipobinafsishwa tukapewa mkono wa kwaheri. Leo nachapa majina ya wafu.

Jumanne, 16 Machi

Mashine ni kompyuta ya mapajani aliyoiachia kamati ya makaburi Mzungu mmoja wa kujitolea alipomaliza mkataba wake. Inaendeshwa na Linux, mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kutazama matumbo yake. Wanaoujua hapa Dar hawafiki kumi, na katika hao wanane wanajisifu tu.

Kamati imeamua mashine isitoke nyumbani kwa Bi Somoe. Mwenyekiti ni Marijani, mpwa wake, fundi wa friji. Ananiita Nshomile, jina wanalotutania watu wa Bukoba kwamba tumesoma mno. Yeye anadhani ananitania. Mimi nalipokea kama maelezo sahihi.

Masika yakianza nyumba hii huchomoa kila kitu ukutani jioni kwa kuogopa radi. Sijabishana nao. Nikifunga kifuniko mashine inalala: kioo kinazimika, maandishi yanabaki kwenye kumbukumbu yake, na betri inatumika kidogo sana, inaweza kudumu siku tatu. Asubuhi nafungua, inaamka pale pale tulipoachia. Kwenye ukingo, karibu na bawaba, kuna kipini chembamba kinachobonyezwa na kifuniko, ndicho kinachoiambia ilale. Kuizima kabisa sitaki, kwa sababu ina ugonjwa: inaaga, inaandika kwamba imesimama, halafu umeme haukatiki, inabaki inawaka tu na kuguna.

Alhamisi, 18 Machi

Hodi ya nyumba hii inachukua dakika tano. Nabisha, Mwanabaraka anaitikia, "Karibu, subiri kidogo," kisha nasimama barazani nikisikiliza watu wakijifunga mitandio na kuburuta vitu. Mwanabaraka ni binti wa Bi Somoe, ana miaka arobaini na tano hivi, anakaanga vitumbua vya kuuza. Nikiingia ananiletea chai ya tangawizi na vitumbua viwili kwenye kisahani. Nakataa kila siku. Nikizoeana nao nitafanywa ndugu, na ndugu haitwi fundi, anatumwa sukari.

Halafu kuna Fatiha. Bi Somoe anataja jina, baba, mwaka kama anaukumbuka, kisha anamsomea marehemu Fatiha na kujipangusa uso kwa viganja. Kila jina. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba tungeweza kutaja kwanza majina yote halafu tukasoma moja ya jumla. Akatazama upande wangu kwa yale macho yake, akasema, "Wao hawakufa kwa jumla, mwanangu." Tumefanya majina sita.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua. Majina manane. Mashine inalala na kuamka kama mtoto aliyeshiba.

Jumatatu, 22 Machi

Bi Somoe ametaka turukie kwanza safu ya nne, na tumeimaliza: kaburi la hamsini na tano mpaka la sitini na tatu. Kwenye la sitini na moja, mtoto fulani, Bi Somoe alisita dakika nne nzima kabla ya kutaja. Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Wazee wanapenda kusubiriwa.

Jumanne, 23 Machi

Imekufa. Nimefungua kifuniko hakuna kitu, betri haina hata chembe. Nilipoichomeka ukutani na kuiwasha, ilianza kukagua diski yake kwa dakika arobaini, kama inavyofanya kila ikifa bila kuaga. Bi Somoe alikaa mkekani akisubiri, anavuta tasbihi.

Safu ya nne yote imepotea. Nilikuwa nimeiacha kwenye kumbukumbu bila kuishusha diskini, na kumbukumbu hufutika betri ikiisha. Kuhifadhi-hifadhi kila dakika ni tabia ya makarani. Mtu anayeijua mashine yake huiamini. Nilimwambia Bi Somoe tuanze tena kutoka hamsini na tano.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama."

Akarudia yote, na Fatiha zake. Kwenye sitini na moja safari hii aliomba maji kwanza.

Jumatano, 24 Machi

Nikimpata aliyeandika sehemu ya kuzima ya mfumo huu nitamwuliza kama nyumbani kwao kuna milango. Jana jioni, kwa kuwa usingizi wa mashine siuamini tena, niliamua niizime kabisa. Ikaaga vizuri. Ikaandika kwamba inashusha kila kitu diskini. Ikakwama hapo hapo, robo saa, taa ya diski inawaka. Giza lilikuwa linakaribia na mvua inakuja, nikaishiwa na subira, nikachomoa betri.

Asubuhi ukaguzi wa diski ulikuwa unaniuliza maswali kila baada ya dakika: nirekebishe hiki, nikitupe kile? Nikajibu ndiyo kwa yote. Safu ya nne, niliyokuwa nimeihifadhi kwa mkono wangu, imerudi ikiwa mistari miwili na takataka.

Nilimwambia Bi Somoe. Aliinuka akaingia chumbani, na Mwanabaraka akatoka kuniambia kwamba mama leo hajisikii. Hawa watu wanafikiri mashine ni kama redio, ukibonyeza inaimba. Hawajui mtu anapambana na nini.

Alhamisi, 25 Machi

Safu ya nne kwa mara ya tatu. Imehifadhiwa diskini, na nakala kwenye disketi. Bi Somoe alitaja huku amegeukia ukutani, na Fatiha ya sitini na moja aliisoma kimoyomoyo. Ilikuwa fupi zaidi, nikashukuru.

Ijumaa, 26 Machi

Imekufa. Dakika arobaini. Hakuna kilichopotea.

Jumatano, 31 Machi

Baada ya Idi. Imekufa.

Alhamisi, 1 Aprili

Imekufa. Marijani alipita akaniuliza, "Vipi Nshomile, mgonjwa kaamka?" Nikamwambia friji na kompyuta havifanani. Akasema, "Friji ikifa namuuliza kwanza mwenye friji imewekwaje." Basi huo ndio utaalamu.

Jumanne, 6 Aprili

Pasaka imepita na mimi nimeitumia kusoma. Rafiki yangu Fransis ana baruapepe ofisini kwake, karibu na Mwenge. Kuna jumuiya ya watu duniani kote wanaosaidiana matatizo ya Linux kwa kuandikiana, bila kulipana. Nimeandika kurasa tatu, kwa Kiingereza cha kuwafanya waniheshimu: aina ya betri, namba ya toleo, jinsi wiki ya kwanza ilivyolala vizuri na tangu tarehe 22 haijalala hata usiku mmoja.

Jumatatu, 12 Aprili

Majibu matatu. Wa kwanza anasema niunde upya kiini cha mfumo, ile sehemu inayozungumza na betri na kifuniko. Wa pili anamtukana wa kwanza. Wa tatu, mtu wa Ureno, ameandika mstari mmoja: una hakika kifuniko kinafunga mpaka mwisho?

Nilimjibu huyo wa tatu kwamba nimefanya kazi ya kompyuta tangu yeye anacheza mchangani, na kwamba Afrika nako tunajua kufunga vifuniko. Fransis alitaka nilegeze. Nimekataa.

Jumatano, 14 Aprili

Nimeunda kiini upya. Imechukua saa tano na nusu, mashine inaunguruma, Bi Somoe anasinzia mkekani. Majina hakuna.

Alhamisi, 15 Aprili

Imekufa. Kiini kipya, kifo kile kile.

Jumapili, 18 Aprili

Jambo kubwa. Marijani aliniruhusu nichukue mashine Mwenge kuanzia Ijumaa mpaka leo, baada ya kunisainisha karatasi kana kwamba nakopa ng'ombe. Nimeilaza chumbani kwangu Ijumaa jioni bila umeme. Jumamosi asubuhi imeamka papo hapo. Nimeilaza tena jana. Leo imeamka, betri ina robo tatu.

Kwangu inalala. Kwao hailali. Kiini ni kile kile, betri ile ile, mvua ile ile inayonyesha Kawe inanyesha Mwenge. Tofauti ni watu. Sijui wanaifanya nini, lakini nimesema tangu siku ya kwanza.

Jumanne, 20 Aprili

Imekufa. Nimemtazama Mwanabaraka usoni wakati ananiwekea chai. Ana uso wa mtu asiye na hatia, ambao ni uso wa kawaida wa watu wanaoharibu vitu.

Jumatano, 28 Aprili

Nimejaribu kuilaza mchana mbele ya macho yangu. Imeamka, lakini kioo cheusi tii, na ndani inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Nimegundua mwenyewe dawa: kabla ya kuilaza natoka kwenye madirisha ya rangi narudi kwenye ukurasa wa maandishi matupu, ndipo kioo kinarudi. Hakuna aliyenifundisha. Nilimweleza Mwanabaraka kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Akasema, "Hongera, kaka." Nadhani alimaanisha, jambo lililonishangaza kidogo.

Ijumaa, 7 Mei

Imekufa. Majina mia moja na arobaini na nane. Kila asubuhi dakika arobaini, na tumebakiwa na wiki tatu.

Alhamisi, 13 Mei

Maji yameingia barazani. Nimepita na viatu mkononi. Imekufa.

Jumatano, 19 Mei

Leo tumemaliza la mwisho, la mia mbili na kumi. Bi Somoe alisoma Fatiha ndefu. Nikaanza kuandaa orodha ya kuchapisha, nikafungua safu moja baada ya nyingine. Ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu ipo. Ya nne haipo. Vifo vyote hivi vya kila siku na ukaguzi wote ule, diski imekuwa ikijila yenyewe, na imekula pale pale. Disketi yenye nakala imeota ukungu wa masika, mashine inaikwaruza tu haisomi.

Makaburi tisa. Siku tisa. Sijamwambia Bi Somoe bado.

Alhamisi, 20 Mei

Sasa naandika kirefu, kwa sababu leo nimefanya jambo.

Mashine hii inajiandikia daftari lake yenyewe, kila inalofanya na saa yake. Sikuwahi kulifungua tangu Machi kwa sababu nilikuwa na hakika tatizo ni la kiini, na mwenye hakika haulizi. Leo nimelifungua. Jana jioni, saa kumi na mbili na dakika mbili, imelala. Hapo ndipo nilipofunga kifuniko na kuaga. Saa kumi na mbili na dakika tisa, imeamka. Halafu kila baada ya dakika ishirini kuna alama ndogo ya kuonyesha kwamba iko macho, alama, alama, alama, mpaka saa tatu kasoro usiku. Kisha kimya, betri imekwisha.

Nikarudi juzi. Vile vile. Nikarudi mpaka tarehe 22 Machi. Kila siku dakika tano, saba, nane baada ya mimi kutoka, mtu anaifungua mashine.

Damu ilinipanda. Nikaona picha nzima. Marijani ana ukoo wake safu ya pili na wanabishana na majirani kaburi moja la nani. Kumbe kila jioni anaingia kubadilisha majina, na akishamaliza anaiacha wazi ijifie, lawama zinanirudia mimi. Nikamtuma mtu akamwite, naye akaja na wazee wawili wa kamati. Nikasimama pale sebuleni, nikasoma saa na dakika kwa sauti kama karani wa mahakama. Nikasema kuna mtu ndani ya nyumba hii anachezea orodha ya marehemu.

Marijani hakupandisha sauti. "Unasema sie tunaiba wafu wetu wenyewe?"

"Nasema daftari linavyosema."

Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Mwanabaraka akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Ni mie," akasema.

Akaingia chumbani akatoka na vitambaa viwili vyeupe vya kufuma, ukingo wa waridi, vimepigwa pasi. Akaja mezani, akaifunua mashine, akatandaza kimoja juu ya vitufe, akakiweka sawa pembe zote nne. Akafunga kifuniko taratibu. Cha pili akakifunika juu.

"Redio tunaitandika, televisheni tunaitandika," akasema. "Hiki kina majina ya wazee wetu ndani, nikiache uchi? Nilivifuma wiki nzima, ulipoanza kuja."

Nikainama nikatazama ubavuni. Kati ya kifuniko na vitufe palikuwa na nafasi ya punje ya haragwe. Kipini cha pembeni kimesimama, hakikuguswa. Taa ya kijani inawaka.

Nikauliza, "Mbona asubuhi sikuwahi kuviona?"

"Ukibisha hodi navitoa. Mgeni hakuti kazi yake imefunikwa shuka."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi, kaka? Chai hunywi."

Mzee mmoja wa kamati alikohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na kama alikuwa anazuia alifanya hisani. Nilichukua mwavuli wangu nikatoka. Sikuomba radhi. Nilikuwa nusu ya njia ya kurudi Mwenge nilipokumbuka kwamba bado sijawaambia habari ya safu ya nne.

Ijumaa, 21 Mei

Sikwenda. Nilimwandikia Fransis ujumbe wa kumpelekea yule Mreno. Maneno matatu: kifuniko hakikufunga, samahani sana. Hayo ni maneno manne. Siku hizi hata kuhesabu sijui.

Jumamosi, 22 Mei

Marijani alikuja chumbani kwangu. Nilidhani amekuja kupigana, nikavaa viatu. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa kiti ninacho kimoja, akaniuliza orodha iko wapi. Nikamwambia yote: safu ya nne imeliwa, makaburi tisa hayana majina.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Tangu juzi mama hataki kutaja tena," akasema. "Hana kinyongo. Kasema amechoka."

"Ni majina tisa tu."

"Braza, sitini na moja ni nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Sikujua. Niliona ni swali la kizembe, orodha ndiyo inayojua, na orodha imeliwa.

"Wa Bi Somoe," akasema. "Wa kwanza, kabla ya Mwanabaraka. Yeye aliosha, mumewe akachimba. Miaka yote hiyo hajawahi kulitaja jina lile mbele za watu. Mwanabaraka mwenyewe alilisikia siku ile ulipolichapa mara ya kwanza. Sie wengine hatulijui, na yeye hakulishika vizuri, kuuliza kaona aibu. Umemtajisha mara tatu, Nshomile."

Aliondoka bila kuaga. Zile dakika nne nilizozihesabu kwa saa ya ukutani nimeziandika mwenyewe katika daftari hili, na maneno niliyoyaweka baada yake ni ya mshenzi. Nimeyasoma leo mara mbili.

Jumapili, 23 Mei

Misa. Sikusikia kitu.

Jumatatu, 24 Mei

Nimekwenda Kawe. Nimebisha hodi nikaambiwa mama amelala. Nimerudi.

Jumanne, 25 Mei

Nimekwenda tena. Mwanabaraka alinifungulia. Nikamwomba radhi mlangoni, mbele ya wateja wawili wa vitumbua, kwa sababu nilimshutumu mbele ya watu. Akasema yamepita. Nikamwambia kuhusu makaburi tisa, kwamba mwisho ni Ijumaa, kwamba bila jina atatiwa shimo moja na wengine. Sikusema nani. Akasema atazungumza na mama, nirudi kesho asubuhi, na nisiwe na haraka.

Ijumaa, 28 Mei

Orodha imepokelewa saa nne na nusu asubuhi, imegongwa muhuri. Majina mia mbili na kumi, hakuna nafasi hata moja iliyoachwa wazi. Marijani aliisindikiza mwenyewe. Jumatano sikuweza kuandika, naandika leo.

Jumatano nilibisha hodi nikasubiri barazani. Nikaingia, nikasema shikamoo, nikakaa mkekani, siyo kwenye kiti. Mwanabaraka akaleta chai na vitumbua. Nikanywa, nikala vyote viwili. Ni vitumbua vizuri. Nimevikataa miezi miwili na zaidi.

Mashine, niliyoijaza umeme na kuilaza Jumanne kabla ya kuondoka, ilikuwa imelala usiku kucha, kitambaa kimoja tu juu, cha nje. Nilipofunua iliamka kabla sijakaa sawa. Betri karibu imejaa. Masika yote nilikuwa nikiitafuta asubuhi hiyo, na sikuhisi chochote.

Bi Somoe alitoka chumbani akishikilia ukuta. Akakaa karibu nami kuliko siku zote. Akaanza: hamsini na tano, jina, baba, Fatiha. Sikutazama saa. Nilikuwa nikiandika nahifadhi, naandika nahifadhi, kila mstari. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Alikuwa anakwenda vizuri, na sauti yake ilikuwa imetulia. Sitini. Akapangusa uso.

"La sitini na moja," akasema, "huyo nimeshakutajia mara tatu, mwanangu. Naomba uandike tu, usinitajishe tena. Tuendelee sitini na mbili."

Nikaweka vidole kwenye vitufe.

Najua saa ambayo mashine iliamka kila jioni tangu Machi. Najua namba ya toleo la kiini cha zamani na cha kipya. Namjua Mreno kwa jina lake la kwanza na la ukoo. Jina la mtoto yule nimelichapa kwa vidole hivi mara tatu, herufi kwa herufi, na sikulikumbuka. Nililitafuta. Nilikumbuka dakika nne. Nilikumbuka yale maji aliyoomba. Jina halikuwepo, kwa sababu halikuwahi kuingia.

Nikamtazama Mwanabaraka, akainamisha macho.

"Umeandika?" Bi Somoe akauliza.

"Bado, mama."

"Imekufa tena?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ameniamini miezi miwili kwamba ni mashine, angeniamini na siku hiyo. Neno lilishafika mdomoni.

"Haijafa, mama. Ni nzima kabisa."

Akanigeukia na yale macho yake yasiyoona vizuri, akakaa hivyo. Nilimwona anapoelewa. Hakukasirika. Alinitazama nadhani kama alivyozoea kuwatazama watu wanaoletewa habari ya msiba mlangoni, wale wasiojua waweke wapi mikono yao.

Kisha akalitaja mara ya nne, polepole, kwa ajili yangu, akanisubiri nimalize kila sehemu.

Najma binti Mwinshehe. Alikuwa na miaka sita. Safu ya nne, la sitini na moja, mtoto wa Bi Somoe.